Shangazi, kiti cha pili nimekigeuzia ukuta

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni kijana wa kiume, miaka 24, nasoma sanaa na niko mwaka wa mwisho. Ni msomaji wako wa kimyakimya. Leo naandika kwa sababu nimebakiza wiki tatu na akili imegoma.

Kazi yangu ya kuhitimu ni instalesheni. Kwa wasomaji wako ambao hawajawahi kukutana nayo: si picha ya kutundika wala sanamu ya kuzunguka, ni mahali pazima ambapo mtu anaingia na mwili wake wote, na mwanga, sauti, harufu, hata njia ya kupita, vyote ni kazi yenyewe. Yangu iko hivi. Unaingia kupitia ujia wa mashuka meupe niliyoyatundika kwenye fremu za mbao. Mwanzoni mnaweza kupita wawili sambamba. Kadiri unavyokwenda ujia unabana, mpaka mwishoni unalazimika kupita ubavuubavu huku shuka likikugusa shavu. Halafu unatokea kwenye chumba cha mita tatu kwa nne. Kuna meza, balbu moja iliyoning'inizwa chini sana, na viti viwili. Kiti cha kwanza kinatazama meza. Cha pili kinatazama ukuta. Vyote nimevikaza sakafuni kwa skurubu ili watu wasivisogeze.

Chini ya meza kuna spika ndogo. Lazima uiname ndipo usikie. Inatoa neno moja tu, "shoga", kwa sauti mbili. Ya kwanza ni ya mama yangu. Nilimrekodi kwa simu akiongea na rafiki yake, bila yeye kujua: "Shoga yangu jamani! Mbona umeadimika hivyo?" Anacheka, unasikia kabisa kwamba amefurahi. Ya pili ni ya wavulana, vile walivyokuwa wakinitupia shuleni nikipita. Hiyo niliwaomba wenzangu chuoni waigize. Neno ni lile lile. Mama akilitamka linakumbatia, mimi nikiitwa nilikuwa natembea nikitazama viatu vyangu.

Kwenye pendekezo la mradi niliandika kwamba kazi inahusu upweke. Juzi mwalimu wangu aliingia peke yake. Alikaa humo muda mrefu kuliko nilivyotarajia, akatoka na vumbi la mbao magotini. Aliniuliza swali moja: "Kiti cha pili ni cha nani?" Nikasema, "Cha mtu yeyote." Akanitazama, akasema, "Haya," akaenda zake.

Usiku huo nilirudi karakana peke yangu. Nikapita kwenye ujia, nikaketi kwenye kile kiti cha ukutani. Shangazi, kiti hicho nimekichora mimi, nimekipima mimi, nimekikaza mimi, lakini sikuwahi kukikalia. Nilipokikalia nilijua ni cha nani. Ni cha mwanamume. Kimekuwa cha mwanamume tangu nikiwa na miaka 13. Nililia mpaka mlinzi akaja kugonga akiuliza kama kuna mtu ndani.

Sentensi hiyo sijawahi kuiandika popote kabla ya leo.

Nimejaribu. Nimefunga, nimeomba, nimejiwekea nadhiri nikazivunja. Nilikuwa na binti mmoja kwa miezi minane, mtu mzuri sana, na kila aliponishika mkono nilikuwa nahesabu moyoni mpaka auachie. Tuliachana akidhani yeye ndiye mwenye kasoro. Sasa kuna mwenzangu wa darasani anayenisaidia ujenzi. Yeye hushika ngazi nikiwa juu nafunga nyaya. Ana tabia ya kuchomeka penseli nyuma ya sikio halafu anaitafuta mezani, anaitafuta chini, anauliza nani kaichukua. Sijamwambia kitu wala sitaki. Ila kila anapoanza kuitafuta penseli kifua kinanibana, kisha najichukia siku nzima. Mwezi huu kuna usiku mara mbili au tatu nililala nikitamani nisiamke.

Mama na kaka yangu mkubwa wanakuja siku ya ufunguzi. Kaka ndiye anayenilipia ada, na ninapokaa ni kwake. Ni mtu mwema, lakini juu ya jambo hili nimemsikia akisema maneno ambayo siwezi kukuandikia.

Wenzangu wawili ambao niliwadokezea tu kwamba kazi "ina jambo zaidi ya upweke" wananiambia msanii anayeficha ni mwoga, niandike wazi kwenye karatasi ya maelezo ukutani ili yaishe. Nafsi yangu nyingine inaniambia nibomoe kila kitu nijenge kitu kuhusu takataka za plastiki, chochote kile.

Je, mimi ni mgonjwa? Naweza kubadilika? Na chumba nikiache kiseme, au nikibomoe?

Mimi,
Mjenga Chumba

*

Marahaba mwanangu.

Barua yako ina sentensi uliyoipitisha haraka, kati ya penseli na ugeni wa mama, kama mtu anayepitisha mzigo mlangoni akiomba usikaguliwe. Unasema kuna usiku ulitamani usiamke. Mimi naanzia hapo, na chumba kitatusubiri.

Tafuta mtu mmoja leo umwambie sentensi hiyo. Hiyo tu. Hulazimiki kumpa sababu, maana najua sababu ndiyo inayokufunga mdomo. "Kuna usiku natamani nisiamke" ni maneno kamili, na daktari, muuguzi au mshauri nasaha wa chuo anajua la kufanya nayo bila kukuchimba. Na usiku ambao tamaa hiyo itaanza kugeuka mpango, usikae na mpango huo peke yako: nenda hospitali, kitengo cha dharura, au mwamshe mtu akae nawe mpaka kuche. Jingine dogo: kwa wiki hizi tatu usifanye kazi karakana peke yako usiku. Mlinzi aligonga mara moja. Usimtegemee yeye.

Haya. Je, ni mgonjwa? Hapana. Chama cha madaktari wa akili cha Marekani kiliondoa mapenzi ya jinsia moja kwenye orodha yake ya maradhi mwaka 1973, na Shirika la Afya Duniani likafanya hivyo tarehe 17 Mei 1990. Wewe ulikuwa hujazaliwa. Kwa hiyo ugonjwa unaoutafuta mwilini mwako ulifutwa kwenye vitabu vya madaktari kabla mama yako hajakubeba.

Kuhusu kubadilika: mwaka 2009 chama cha wanasaikolojia cha Marekani kilitoa ripoti ya jopo lililopitia tafiti za miaka mingi juu ya hayo yanayoitwa matibabu ya kubadilisha watu. Hawakuona ushahidi wa kutosha kwamba yanabadilisha mtu anavutwa na nani, na waliona yanaweza kumdhuru. Nakuambia hili kwa sababu mtu mwenye hofu kama yako ni mteja rahisi. Atakuja wa kukuahidi dawa, wa kukuahidi ndoa, wa kukuahidi siku arobaini. Ukienda kwa mshauri yeyote, swali lako la kwanza liwe, "Je, unakusudia kunibadilisha?" Akisema ndiyo, mshukuru, chukua mkoba wako.

Juu ya sala na funga zako sitatia mguu. Nitauliza tu: katika nadhiri zote hizo, kuna hata siku moja uliomba kitu kingine zaidi ya kuwa mtu mwingine?

Sasa twende chumbani, kwa maana nakiri chumba hiki kimenikamata. Nimekisoma mara mbili, mara ya pili nikijikuta nimeupa ukurasa ubavu.

Wenzako wanafikiri hatari iko kwenye karatasi ya maelezo. Na wewe pia unafikiri hivyo. Mwanangu, karatasi hata usipoiandika neno, siri yako imeshapata mtoboaji, naye amekaa chini ya meza. Mfikirie mama siku ya ufunguzi. Amevaa vizuri, amekuja kuona mwanawe amefanya nini miaka yote hii. Anapita ujia, anafika, anainama kwa sababu kila mtu anainama, na anasikia sauti yake mwenyewe. Kicheko chake mwenyewe. Halafu, kabla hajajua hiyo ni siku gani na alikuwa anaongea na nani, yanafuata yale matusi. Kaka yako amesimama nyuma yake. Hapo hakuna upweke wala plastiki itakayokuokoa. Mama atageuka akutafute kwa macho, mbele ya watu.

Na hata kama siri isingekuwepo, sauti ile hukuiomba. Ulimchukulia mama kicheko chake akiongea na rafiki yake, ukakiweka mahali pa watu. Wasanii mna ugonjwa huu, na huo ndio ugonjwa pekee ninaouona kwenye barua yako: kila mnachokisikia mnakiona mali ya kazi. Ama umwombe ruhusa, na ukimwomba itabidi umweleze, ama uitoe. Mimi nasema itoe.

Lakini usiweke sauti ya mtu mwingine mahali pake. Weka yako.

Nieleze. Neno hilo umelisikia kwa mama na umelisikia kwa wavulana, ila katika chumba chote hicho, ulichokijenga kwa mikono yako, hakuna mahali ambapo wewe unasema chochote. Umewapa wengine mdomo. Kwa hiyo siku moja, ukiwa umetulia, funga mlango, chukua simu, jirekodi ukisema vile anavyosema mama: "Shoga yangu jamani, mbona umeadimika hivyo?" Ujiambie wewe, si mtu mwingine. Mara ya kwanza koo litagoma. Mara ya pili utacheka kicheko cha aibu. Mara ya tatu huenda ukalia, na hapo uzime upumzike. Rudi kesho yake. Sikuahidi kwamba ya kumi itakuwa tamu, lakini utafika mahali ambapo neno linatoka mdomoni mwako likiwa na salamu ndani yake, na hicho ndicho kitu ambacho wewe, tangu miaka 13, hujawahi kujipa. Kama rekodi hiyo itasikika kwenye maonyesho au itabaki kwenye simu yako ni jambo la baadaye. Ukiamua isikike, inong'oneze. Mnong'ono hauna mwenyewe, ni vigumu mtu kusema huyu ni fulani.

Unaona ninapoelekea. Kujua umeshajua, tena kwa miaka 11. Kutangaza ndiko wenzako wanakokusukuma. Katikati kuna jambo ambalo wote mmeliruka, na halihitaji mgeni hata mmoja.

Hao wenzako wanaosema kuficha ni woga, waulize ada yao inalipwa na nani. Ujasiri wa kutumia kodi ya mwenzako ni rahisi sana.

Hata hivyo hoja yao ina mbegu ya kweli na nisingependa kuikanyaga, kwa hiyo ngoja nikupe mfano. Felix Gonzalez-Torres alizaliwa Cuba, akafanyia kazi zake Marekani. Mwaka 1991 mpenzi wake, Ross Laycock, alifariki kwa UKIMWI. Mwaka huo huo msanii huyu alitengeneza kazi ya peremende: zimefungwa kwa karatasi za rangi zinazometameta, zimerundikwa pembeni mwa chumba, na uzito unaokusudiwa ni ratili 175, karibu kilo 79. Wengi huusoma kama uzito wa mwili wa Ross alipokuwa mzima. Mgeni anaruhusiwa kuokota peremende, kuifungua na kuila. Rundo linapungua kama mgonjwa anavyopungua, kisha wenye jumba wanaweza kulijaza tena. Kazi aliiita "Bila jina", na kwenye mabano tu ndipo akaongeza kwamba ni taswira ya Ross akiwa Los Angeles. Basi. Hakuna picha ya mtu, hakuna hotuba. Mtu anaweza kuingia na mtoto, mtoto akachukua peremende mbili akatoka akiwa na furaha, na mwingine akasimama pale pale asiweze kumeza.

Mwaka 2022, katika jumba moja la sanaa huko Chicago, watu waligundua kwamba karatasi ya maelezo haikuwa ikieleza tena habari ya Ross na UKIMWI. Walilalamika, na maelezo yakaandikwa upya. Walikuwa na haki kulalamika, kwa sababu msanii mwenyewe hakuficha, na wengine hawana ruhusa ya kumfichia baada ya kufa kwake. Mbegu ya wenzako ndiyo hiyo. Ila tazama na upande wa pili: zaidi ya miaka 30 imepita, karatasi imeandikwa, imefutwa, imeandikwa tena, na rundo la peremende liko pale pale likisema lilichokuwa likisema. Karatasi yako unaweza kuiandika mwezi huu "Upweke", ukaja kuiandika upya ukiwa na miaka 30, ukiwa kwako, na ada hailipwi na mtu. Neno lililokwisha kusikika na kaka yako halina toleo la pili. Na siku hizi kila mgeni ana simu. Karatasi ukutani inapigwa picha mara moja, kesho iko kwa watu ambao hata hawajui chuo chako kilipo.

Hukuniambia unaishi wapi, na usiniambie. Nchi zaidi ya 60 bado zina sheria zinazoadhibu mapenzi ya jinsia moja. Ijue sheria ya mahali ulipo kabla hujaandika, hujarekodi na hujakiri kwa mtu. Na kabla ya kumwambia kaka yako lolote, uwe na jibu la swali hili: usiku huo nitalala wapi? Usipokuwa na jibu, wakati bado. Hilo wala usiliite uongo. Mtu anayefunga mlango wake usiku hamdanganyi jirani.

Lakini mtu mmoja, hilo nalisisitiza. Kuubeba mzigo huu peke yako ndiko kunakokutamanisha usiamke. Namfikiria huyo mwalimu aliyetoka na vumbi magotini. Alipiga magoti kwenye kazi yako, akauliza swali sahihi, akapewa jibu la uongo na hakukukamua. "Haya," akaenda zake. Watu wa namna hiyo si wengi. Usimkimbilie hata hivyo. Muulize kwanza: "Nikikueleza jambo langu binafsi, kuna unalolazimika kuripoti?" Jibu lake litakuambia uendelee au uishie hapo. Asipokuwa yeye, mshauri nasaha uliyempima kwa lile swali la kubadilishwa.

Huyo wa penseli muache na penseli yake. Kifua kubana si dhambi ya kujichukia siku nzima, wenzako wanaopenda wasichana hubanwa na kifua wakanunua soda wakaendelea na maisha. Hujui yeye ni nani, na wewe bado hujajizoea. Wala usimwambie jambo kubwa mtu aliyekushikia ngazi, angalau ushuke kwanza. Na yule binti, siku utakapoweza, mwambie tu kwamba kasoro haikuwa kwake. Sentensi hiyo moja unaweza kuisema bila kueleza nyingine yoyote, na anaidai.

Narudi kwenye swali la kubomoa. Usibomoe, lakini pia usikitarajie chumba kikuponye. Msanii Yayoi Kusama wa Japani amesema wazi kwamba aliogopa ngono na maumbile ya kiume. Alichofanya ni kuishona hofu yake: maumbo ya kitambaa yaliyojazwa kama mito, mamia kwa mamia, yenye madoadoa mekundu. Kushona kulimchosha, kwa hiyo mwaka 1965, huko New York, akayaweka kwenye chumba cha vioo, vioo vikamshonea mengine yasiyo na mwisho. Chumba kile ni moja ya kazi zilizompa jina. Na bado mwaka 1977 aliingia kwa hiari yake kuishi katika hospitali ya akili mjini Tokyo, akawa anaenda studio na kurudi, na kazi zikaendelea kutoka. Simtaji kukutisha, wala hofu yake siyo hali yako. Namtaja kwa sababu alijua chumba kinafanya nini na kisichofanya nini. Chumba kilimshikia hofu ili aitazame. Madaktari wakafanya kazi ya madaktari.

Chako kimeshafanya kazi yake usiku ule ulipoketi. Kilikuonyesha. Sasa jambo linalonisumbua ni zile skurubu.

Unasema umevikaza viti ili watu wasivisogeze. Nimejiuliza, nani angesogeza? Mgeni akiingia, akakuta kiti kimegeuzwa ukutani kama mtoto aliyeadhibiwa, jambo la kwanza mkono wake utataka ni kukigeuza. Mama yako, ambaye hajui chochote, angekigeuza bila kufikiri, vile anavyonyoosha shuka kitandani. Wewe umehakikisha hakuna anayeweza. Kwenye instalesheni mwili wa mgeni ndio unaokamilisha kazi. Mwaka 2003 msanii Olafur Eliasson alitundika jua la taa za manjano kwenye ukumbi mkubwa wa jumba la sanaa la Tate Modern, London, na dari akaifanya kioo. Watu wakaanza kulala chali sakafuni na kupunga mikono, wakijitafuta juu kule. Sasa wewe umejenga chumba kizuri, kisha ukamfunga mgeni mikono mlangoni, kwa sababu unaogopa atakachokifanya kwa wema.

Fungua skurubu za kiti cha pili. Cha kwanza kiache kilivyo. Kabla ya siku ya ufunguzi, mchana, mtu mwingine akiwa karakana, ingia, kigeuze kitazame meza, ukikalie, uweke mikono yako mezani chini ya ile balbu. Dakika kumi. Kisha kirudishe kitazame ukuta kama unataka, maana wageni wanapaswa kukikuta hivyo.

Siku yenyewe simama mbali, karibu na ujia, usiingie nao. Utasikia mguu wa kiti ukikwaruza sakafu. Niandikie unieleze ni nani alikuwa wa kwanza.

Shangazi